Viazi Havipendi Kushikwa Mchana

Juzi niliingia duka la agroveti hapa mjini Nakuru kutafuta dawa ya viroboto vya paka wangu. Mteja aliyenitangulia alikuwa akinunua mafuta ya kukamulia, yale mazito ya manjano ambayo wafugaji huwapaka ng'ombe chuchu zisipasuke, na muuzaji akamfungulia kopo aone kama ndiyo aliyotaka. Harufu ikanifikia. Ni harufu ya nusu hospitali, nusu mshumaa, na ukishaizoea huwezi kuichanganya na nyingine. Nilimsahau paka na viroboto vyake. Nikajikuta nimeweka kidole kwenye mdomo wa chini, upande wa kushoto, mahali penye kovu dogo ambalo wewe usingeliona hata tukinywa chai meza moja. Muuzaji aliniuliza mara mbili nataka nini kabla sijamjibu.

Acha nikuambie kovu hilo lilitoka wapi.

Nilizaliwa na ualbino, katika chumba kimoja cha kupanga pale Karagita, karibu na Ziwa Naivasha. Wazazi wangu walikuwa vibarua kwenye mashamba ya maua. Nilikuwa binti wa pili, kwa hivyo kwa desturi yetu nikapewa jina la mama wa mama yangu, Nyambura. Dada yangu alikuwa mweusi wa kung'aa. Mimi nilikuwa na nywele za rangi ya ndevu za mahindi, na macho yaliyokataa kutulia mahali pamoja. Karagita ni vumbi na mabati, na kivuli cha kule ni cha kugombania. Nilitoka asubuhi kucheza, nikarudi jioni na shingo nyekundu na malengelenge mabegani, Mama akawa ananikanda kwa kitambaa cha maji baridi huku akijilaumu kwa sauti. Kila jirani alikuwa na ushauri. Ushauri ulioshinda ulikuwa wa mama mmoja wa ploti yetu: "Si umpeleke kwa mamako Molo? Huko hakuna jua."

Ilionekana busara kabisa. Molo ni baridi ya kweli. Kuna asubuhi unaamka ukakuta nyasi zimekuwa nyeupe kwa barafu, na ukungu unaweza kukaa mpaka saa nne bila aibu. Nani angefikiri mtoto anaweza kuungua mahali ambapo watu wanaota moto mchana?

Nilikuwa na miaka saba. Pale stendi, Mama alivua kofia yake mwenyewe, kofia pana ya kaki aliyokuwa akivaa kazini, akanivika. Ilinifunika hadi kwenye macho. Yeye akajifunga leso kichwani, akanishika mashavu, akaniambia nisiivue. Dada anabaki, mimi naenda: kwa mtoto wa miaka saba hesabu hiyo ina jibu moja tu. Niliamini kwamba wamechoka kuulizwa kunihusu, na kwamba Molo ndiko ambako mtu hupeleka kitu asichotaka kionekane. Nilibeba wazo hilo kwa miaka mingi, nami sikumwambia mtu.

Nyanya yangu, ambaye wote tulimwita Shosho, alinipokea akiwa amevaa gambuti, buti za mpira, zilizojaa matope na sweta mbili zilizopishana vifungo. Hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita wajina, kwa kuwa jina letu lilikuwa moja, na alilitamka neno hilo kana kwamba mimi ni mtu mzima mwenzake.

"Karibu wajina," alisema. "Huku jua haitakupata. Hata sisi wenyewe tunaitafutanga."

Kofia ya Mama ikatundikwa kwenye msumari jikoni, maana ya nini tena? Mahali pake nikapewa mavini, ile kofia ya sufu inayobana kichwa, nyekundu, aliyoifuma yeye mwenyewe. Nikaongezewa sweta, soksi ndefu na gambuti ndogo. Nilifunikwa kila mahali isipokuwa uso, na mavini, kama unavyojua, haina ukingo wa kutia kivuli hata kwa pua. Kofia ya kaki ilianguka siku moja kutoka kwenye msumari, kuku mmoja mwenye madharau akaiona inafaa, akaanza kutaga humo. Shosho alisema tumwache, kuku akishachagua mahali hasikii mtu. Nilihesabu mayai tisa kwenye kofia ya mama yangu.

Nami nilikuwa na furaha, sitakuficha. Shamba la viazi la Shosho liliteremka kutoka nyumbani hadi kijitoni, na mimi nilikuwa nyuma yake kutwa nzima, nikidondosha mbegu kwenye mashimo, nikiokota viazi vidogo vilivyosahauliwa. Vibarua wake wawili walinizoea haraka kuliko watoto wa shuleni. Ukungu ulitufunika, mikono ilikufa ganzi, na hakuna siku hata moja niliyopata malengelenge. Mama alipokuja kunitazama alifurahi, akasema kweli Molo imemponya mtoto.

Kilichokuwa kikitokea kilikuja polepole, bila maumivu ya kumfanya mtu ashtuke. Madoadoa ya kahawia yaliota puani na mashavuni. Mdomo wa chini ukakauka, ukapasuka, ukabambuka, ukapasuka tena. Shosho alijua dawa. Midomo ya watoto wote wa Molo hupasuka kwa baridi, na dawa ya mipasuko yote ya nyumba ile, ya visigino, ya mikono na ya chuchu za ng'ombe wetu, ilikuwa kwenye kopo moja juu ya kabati. Alinipaka asubuhi na jioni kwa kidole chake kigumu, mdomo ukang'aa, nikaenda shambani na harufu ile puani. Mafuta yalifanya kazi yake, yalilainisha. Ila tulikuwa tunaulainisha mdomo kisha tunauanika.

Baada ya miaka miwili hivi pakabaki kidonda kimoja, upande wa kushoto, chenye ukoko mweupe ambao ukitoka huacha damu kidogo, kisha unarudi. Chai ya moto ilikitonesha. Kucheka kulikipasua, na Shosho alikuwa mtu wa kuchekesha, basi nikajifunza kucheka nikiwa nimefumba mdomo. Yeye akaongeza mafuta.

Nilikuwa darasa la tatu wakati wahudumu wa afya walipokuja shuleni kwetu kutazama meno. Tulipangwa mstari nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, na habari zilizokuwa zikirudi nyuma ya mstari zilikuwa mbaya: kwamba wana koleo, kwamba wanang'oa hata jino zima. Zamu yangu ilipofika nilifungua mdomo huku machozi yakinitoka mapema, nipunguze kazi. Daktari wa meno alikuwa mama mfupi mwenye miwani. Aliangalia meno mara moja tu. Kisha akaushika mdomo wangu wa chini kwa vidole viwili, akaukunjua, akaninyanyua kidevu kuelekea dirishani.

"Hii kidonda iko na muda gani?"

"Tangu tuvune waru," nikamjibu, yaani viazi.

"Waru ya juzi?"

"Hapana. Ya ile mara ingine."

Hakuandika kitu kuhusu meno. Aliandika barua, akaikunja, akaniambia nimpe mtu mzima wa kwetu na mtu huyo aje kesho. Watoto waliniuliza nimeng'olewa mangapi. Niliona aibu kusema sikung'olewa hata moja.

Kesho yake Shosho alikuja na gambuti zake. Nilikaa kwenye benchi pembeni yake, na mazungumzo yale nayakumbuka vizuri kwa sababu ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akikatazwa jambo.

"Mathe, mdomo ya huyu mtoto imechomwa na jua," daktari alisema.

"Jua gani, daktari? Hapa tunalala na blanketi tatu."

"Hiyo baridi ndiyo inawadanganya. Mtu akisikia baridi anafikiria jua haiko."

Akaeleza taratibu. Jua, alisema, lina joto tunalolisikia, na lina miale mingine ambayo hatuioni wala hatuisikii, na hiyo ndiyo inayounguza ngozi. Ukungu unaweza kuondoa joto lote na bado miale mingi ikapenya. Tena huku juu milimani hewa ni nyembamba, kwa hivyo miale huja mikali kuliko kule chini Naivasha nilikotoka. Watu wengine wana rangi kwenye ngozi inayowakinga. Mimi sina. Na mdomo wa chini ndio unaoteseka zaidi kwa kuwa ngozi yake ni laini, na umekaa umeelekea juu, mchana kutwa. Kidonda kisichopona namna ile, kwa mtu kama mimi, kinaweza kugeuka. Hapo akapunguza sauti, akasema kansa.

Shosho akauliza, "Ni mimi nimemharibu?"

"Hapana, mathe. Umemkinga na baridi, na umemkinga vizuri. Sasa tumkinge na jua."

Tulirudi nyumbani. Najua hakuwa ameamini bado, kwa sababu alitembea kwa haraka kama mtu anayebishana. Alipofika uani alisimama kando ya tangi la maji. Palikuwa na ndoo ya plastiki ya buluu iliyopasuka mpini, iliyokaa pale imefudikizwa kwa misimu sijui mingapi, na juu yake tulikuwa tunaweka sabuni. Aliigeuza. Kwa ndani bado ilikuwa buluu ya dukani. Upande uliotazama mbinguni ulikuwa umepauka hadi ukakaribia weupe. Akabonyeza hapo kwa kidole gumba, na plastiki ikavunjika vipande vidogo kama ganda la yai.

"Hii ndoo haijawahi karibia moto," alisema, akijiambia mwenyewe. "Na sijawahi ishika nikaisikia iko na joto."

Akaingia jikoni. Nilisikia kuku akilalamika kwa nguvu, kisha Shosho akatoka ameshika kofia ya Mama, akaanza kuisugua kwa sabuni kwenye karai.

Nakuru tulipelekwa na ile barua. Walikata kipande kidogo cha mdomo wakakipeleka kupimwa, tukaambiwa tusubiri majuma mawili. Mama alikuja kutoka Karagita akakaa nasi kwa siku mbili, hakuweza kukaa zaidi kwa sababu ya kazi. Aliiona kofia yake kichwani kwangu ikiwa na alama ambazo sabuni haikuziweza, akatabasamu, hakuuliza. Shosho aliacha kuchekesha. Kwa majuma yale mawili ningeweza kucheka kwa mdomo wazi nikitaka, maana hapakuwa na cha kuchekea. Nilijua kuna neno kubwa limesemwa, na nilijua linanihusu mimi, lakini kilichonitisha hasa ni kumsikia Shosho akiwa kimya anapokama.

Majibu yalipotoka, daktari wa Nakuru alisema kidonda kilikuwa kimekaribia kugeuka, hakijafika. Wakakigandisha kwa kitu kilichotoa moshi mweupe wa baridi kali, kikauma kama moto. Shosho alipoambiwa ni baridi ndiyo iliyofanya kazi aliguna kwa kuridhika.

"Nilisema Molo haina makosa," akasema, na huo ulikuwa mzaha wake wa kwanza baada ya siku nyingi. Nilicheka, nikaumia, nikacheka tena.

Nilipewa losheni, nikapewa mafuta ya mdomo ya kuzuia jua, nikaambiwa kofia pana na mikono mirefu siku zote. Kisha daktari akaongeza: kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni asiwe shambani. Hapo ndipo nililia. Sindano na mkasi nilivistahimili, lakini hilo lilinivunja moyo. Maisha yote ya nyumba yetu yalikuwa shambani. Hadithi zilisimuliwa shambani, chai ililetwa shambani. Nilikuwa nimetolewa Karagita, na sasa natolewa tena, nibaki ndani na paka huku wengine wakiongea kule chini.

"Nitakuwa nakaa na nani?" niliuliza.

Jumamosi iliyofuata Shosho aliniamsha kabla jua halijachomoza. Barafu ilikuwa bado kwenye nyasi. Vibarua wawili walikuwa wamefika tayari, wamejikunyata, na nyuso zao zilionyesha kwamba wameshalalamika wakashindwa. Tukapalilia hadi vidole vikakataa kukunjika. Ilipofika saa nne Shosho akaweka jembe begani.

"Twendeni ndani," akasema. "Viazi hazipendi kushikwa mchana."

Nilimuuliza kwa nini. Akaniuliza kama sijaona kiazi kilichoachwa juani kinavyogeuka kijani na kuwa kichungu. Nilikuwa nimeona. "Basi," akasema. Tukaingia stoo. Tukachagua mbegu, tukashona magunia, tukachambua maharagwe, nami nikawasomea kitabu changu cha shule kwa sauti hadi kibarua mmoja akakariri ukurasa mzima wa sayansi. Saa kumi tulirudi shambani hadi giza lilipotaka kuingia. Na tangu siku hiyo ikawa hivyo, Jumamosi, likizo, na hata siku za shule, kwani nilipotoka darasani saa saba nilimkuta stoo, na chai ipo.

Niliamini kabisa. Usinicheke. Jirani yetu alipomtania kutoka ng'ambo ya ua, "Nyambura, siku hizi unalima na masaa ya ofisi?" na Shosho akamjibu, "Wewe endelea kutesa viazi zako," mimi nilimhurumia yule mzee kwa kutojua kilimo. Dereva wa lori alipokuja kupakia adhuhuri, akaambiwa, "Boss, ngoja saa kumi," akaondoka kwa hasira asirudi tena, nikaona ni mtu asiyejali mali ya wateja wake. Shosho alihangaika msimu ule kupata dereva mwingine wa kukubali saa zake. Alimpata. Mimi wakati huo nilikuwa stoo nimevaa kofia yangu, bwana mkubwa wa kuchagua mbegu.

Nilikuwa kidato cha pili, katika somo la kilimo, wakati mwalimu alipouliza ni mambo gani ya kuzingatia katika palizi ya viazi. Nikainua mkono kabla ya wote. Nikasema kwa kujiamini kwamba viazi havipaswi kuguswa kati ya saa nne na saa kumi. Darasa zima likacheka, hasa wale wa kutoka Molo. Mwalimu naye alicheka.

"Nani alikuambia hivyo?"

"Nyanya yangu."

Alikuwa bado anacheka. Kisha akaniangalia, akaiangalia kofia pana iliyokuwa juu ya dawati langu, akaacha kucheka. Akasema palizi hufanywa wakati wowote udongo usipokuwa na maji mengi, akaendelea na somo. Nami nikakaa.

Sikusikia tena lolote kipindi kile. Niliona akilini shamba letu tupu adhuhuri na mashamba ya majirani yamejaa watu. Niliona mambo ambayo nilikuwa nimeyaona maisha yangu yote. Mwanamke aliyepita miaka sitini, mwenye magoti mabovu, alikuwa amechukua saa za baridi kali kuliko zote, alfajiri baada ya alfajiri, akazifanya saa zake za kazi, ili saa za jua ziwe za kukaa na mimi. Angeweza kuniacha ndani na paka. Daktari hakumwambia zaidi ya hapo. Tena hakutaka hata nijue, kwa hiyo akavisingizia viazi.

Na siku hiyohiyo, katika dawati lile, nilimfikiria Mama pale stendi akijifunga leso. Nilikuwa nimemlaumu kwa muda mrefu hivyo. Baadaye dada yangu aliniambia Mama alifanya kazi na leso ile hadi walipogawiwa kofia nyingine, na kwamba kwa miezi mingi alikataa mtu yeyote alale upande wangu wa kitanda. Nilimpigia simu likizo ilipofika, nikamwomba msamaha kwa jambo ambalo hakujua nimemkosea. Alidhani nimefeli mtihani.

Lakini Shosho sikuwahi kumshukuru. Ningeanzia wapi, na yeye hakukubali kwamba amefanya lolote?

Mwezi wa nane uliopita nilikwenda Molo. Amezeeka sana sasa, analima kipande kidogo tu karibu na nyumba, na msichana mmoja wa kumsaidia. Nilifika mapema nikasimama naye nikimtazama akipalilia. Ilipofika saa nne aliweka jembe begani akaelekea stoo. Yule msichana akaniambia kwamba ndivyo afanyavyo kila siku, hata wakiwa wawili tu, hata wingu likiwa zito. Sijaishi nyumba ile kwa miaka kumi na tano.

Nikamfuata ndani, nikakaa kwenye gunia, nikaanza kuchagua mbegu pamoja naye.

"Shosho," nikasema, "nilijua kitambo. Kuhusu viazi."

"Ulijua nini?"

"Kwamba hazina shida na mchana. Asante, Shosho. Asante sana."

Hakuinua kichwa. Alitupa kiazi kibovu kando, akachukua kingine, akakigeuza.

"Wewe ulisomea kompyuta," akasema. "Mimi nimelima viazi maisha yangu yote. Tusibishane."

Kisha akajipangusa kidole gumba kwenye sketi, akanivuta kidevu karibu na mwanga wa mlango, akaukunjua mdomo wangu wa chini na kuutazama kwa makini, upande wa kushoto, kama anavyofanya kila nikienda. Nikatulia mpaka amalize.